Maktaba ya mji wetu inakarabatiwa: kabla ya rangi, tuanzie wapi?

Rafu ya Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni mkutubi. Huu ni mwaka wangu wa 19 katika maktaba ya umma ya mji mmoja wa mkoani, huku kwetu Tanzania. Mji sitautaja, sitaki uzi ugeuke wa kulaumiana. Jengo ni la siku nyingi na paa lake limechoka. Sasa fedha za ukarabati zimepatikana, na mchoro wa kwanza nimeuona: rangi nje na ndani, vigae sakafu nzima, kiyoyozi ofisini, na ukumbi wa mikutano utakaomega robo ya chumba cha kusomea. Paa halimo. Vyoo havimo.

Kuna meza pale kwetu, ya tatu kutoka mlangoni, ambayo masika yote huwa na ndoo ya bluu juu yake. Wanafunzi wameizoea. Wanakaa mmoja kushoto mmoja kulia, ndoo katikati, na ikikaribia kujaa anayeiona kwanza ndiye anayekwenda kuimwaga. Hakuna aliyewaagiza. Mwaka jana binti mmoja wa kidato cha nne alisoma na ndoo ile tangu Machi hadi Mei. Nikiutazama ule mchoro naiona ndoo imerudi palepale, juu ya meza mpya, chini ya dari iliyopakwa rangi juzi.

Nimeomba nafasi ya kusema kwenye kikao kijacho, na sitaki kwenda na malalamiko matupu. Naomba mawazo yenu. Nianze na niliyoyaona Nairobi, maana likizo iliyopita nilikwenda kwa dada yangu na siku nne nzima nilizimalizia kwenye maktaba.

Ukipita mtaa wa Banda, jirani na Msikiti wa Jamia, utakutana na jengo la nguzo nene lenye simba wawili wa mawe mbele yake. Hiyo ndiyo McMillan. Ilifunguliwa mwaka 1931. Aliyeijenga ni Lady Lucie McMillan, kwa kumbukumbu ya mumewe Sir Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925 akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk. Jengo zuri mno, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Milango ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1958, na mwaka 1962 halmashauri ya jiji ikaichukua. Lina hata sheria yake peke yake ya kulilinda, sura ya 217 ya sheria za Kenya.

Mwaka 2017 kina dada wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk, kisha wakaingia ubia na serikali ya kaunti kuifufua McMillan pamoja na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Kilichonigusa ni mpangilio wa kazi. Jengo lenye simba ndilo linalopigwa picha na wageni, na ingekuwa rahisi kuanzia hapo. Wao walianzia matawini, kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini. Waliwauliza wakazi wanataka nini. Wakaajiri vijana wakahesabu vitabu na kuviorodhesha. Mwenzenu nilisimama nje ya tawi la Kaloleni nikijiuliza: sisi kwetu tumemuuliza nani?

Karibuni.

Mtu wa Bando

Mkuu, nakuheshimu, lakini niulize swali ambalo wengi wanalo moyoni. Kila kitu sasa kiko kwenye simu. Vitabu vya kidato cha kwanza hadi cha sita vinasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwa nini fedha hizo zisinunue vishikwambi vikagawiwa shuleni, na jengo likapewa kazi nyingine?

Fundi Nondo

Mleta uzi, mimi ni fundi wa majengo, nina miaka mingi kwenye ukarabati wa shule na zahanati. Suala la vitabu nawaachia wenyewe. La jengo naomba mnisikilize.

Shilingi yoyote inayowekwa ndani ya jengo linalovuja, imemwagwa. Kazi inashuka kutoka juu: paa, mifereji ya maji, mabomba, nyaya za umeme, halafu ndipo plasta, na rangi mwisho kabisa. Ukipaka rangi ukuta wenye unyevu, masika moja tu yanatosha utoke malengelenge.

Chunguza paa hilo limeezekwa kwa nini. Majengo mengi ya umma ya miaka ile yaliezekwa kwa asbesto: vipande vizito vya kijivu vyenye mawimbi, ukivigonga vinalia kama kigae. Vikiwa vizima havina shida kubwa. Hatari ni vumbi lake pale fundi anapovikata kwa msumeno au kuvipasua kwa nyundo. Vumbi hilo linakaa mapafuni, na saratani yake huja baada ya miaka mingi, wakati hakuna anayekumbuka kazi aliifanyia wapi. Vinaloweshwa maji, vinashushwa vizima, vinafungwa kwenye plastiki nene, na watu wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanahusishwa tangu mwanzo. Nimeona vijana wa kibarua wakivipasua kwa mikono mitupu, wanakula chakula cha mchana palepale. Usikubali hilo litokee kwenu.

Halafu uzito. Hapa wengi hukosea. Sakafu ya ghorofa ya ofisi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kama kilo 250 kwa mita ya mraba. Sehemu ya makabati ya vitabu inataka zaidi ya 700. Mita moja tu ya rafu iliyojaa ni kilo 30 hadi 40. Kwa hiyo mkitaka kuhamishia vitabu juu ili chini pawe ukumbi, mhandisi apige hesabu kwanza. Si la kukisia kwa macho.

Mzawa wa Kaloleni

Ndugu wa Tanzania, nimefurahi kuona mtaa wetu umetajwa kwa heshima.

Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 40 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na ukumbi wetu wa kijamii wazee waliuita Bunge, kwa jinsi siasa za kudai Uhuru zilivyochemka humo. Sisi tulikuwa watu saba kwenye nyumba ndogo. Mama akianza kupika jioni, taa ni moja, redio inaimba, mdogo wangu analia. Maktaba ilikuwa mahali pekee nilipopata meza ambayo hakuna mtu mwingine anaihitaji kwa chakula. Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache na vimechakaa. Nilikwenda kwa ajili ya meza.

Kwa hiyo namjibu huyu wa bando bila ubaya: simu ninayo, na mtoto wangu wa shule ya upili anayo. Meza hatuna.

Rafu ya Juu

Mzawa wa Kaloleni, umenisemea.

Mtu wa Bando, swali lako si baya, na hata mimi nilikuwa silijui jibu lake mpaka nilipoacha kukisia nikaanza kuhesabu. Nilichukua daftari, nikachora saa za siku, na kila saa nikazunguka chumba kuandika kila mtu anafanya nini. Nilifanya hivyo wiki mbili. Wengi wao hawana kitabu chetu hata kimoja mkononi. Wanakuja na madaftari yao, na vitini vya chuo vilivyotolewa kopi. Wanachokifuata ni kiti, mwanga, utulivu na soketi. Soketi zetu zinazofanya kazi ni mbili, na watu wamezizunguka kama kuku na mtama.

Tena kuna kundi ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Wazee wanaokuja saa mbili asubuhi kusoma magazeti na kuondoka saa nne. Kina mama wanaoandikiwa barua na fomu: fomu za pensheni, za mikopo ya wanafunzi, za ajira. Fomu hizo siku hizi zinajazwa mtandaoni, na anayezijaza pale kwetu ni mimi, kwa simu yangu na bando langu. Kishikwambi hakiwezi kumsaidia mjane asiyejua wapi pa kubonyeza. Anahitaji mtu akae naye.

Kuna jioni alikuja mzee mmoja na bahasha. Alikuwa ametoka kijijini kwa bodaboda, karatasi zimelowa jasho. Tulikaa karibu saa mbili na ule mtandao unaozunguka bila kufunguka. Ulipokubali, akauliza, "Sasa wamenipokea?" Nikamwambia ndiyo. Akaomba nimuandikie ile namba ya kumbukumbu kwenye karatasi, akaikunja mara nne akaiweka ndani ya kofia. Kazi hiyo haimo kwenye orodha ya majukumu yangu, na kwenye mchoro wa ukarabati haijatengewa hata kiti kimoja.

Mama Wawili

Kaka, naomba mtukumbuke kina mama na watoto. Mimi huwapeleka wanangu maktaba ya mji wetu Jumamosi. Dakika kumi haziishi tumeshaambiwa "shii". Mtoto wa miaka minne hawezi kunyamaza saa nzima, na mwanafunzi wa chuo naye ana haki ya utulivu. Hao wawili hawawezi kukaa chumba kimoja. Tupeni kona ya watoto yenye ukuta na mlango, mkeka chini, rafu fupi ambazo mtoto anazifikia mwenyewe, vitabu vikiwa vimeonyesha sura zake za mbele. Mtoto hasomi mgongo wa kitabu, anachagua kwa picha.

Na vyoo! Nimesoma kwamba havimo nikashtuka. Msichana aliye kwenye siku zake, choo kikiwa kibovu, anaondoka saa tano asubuhi na harudi tena siku hiyo. Wenzake wa kiume wanabaki mpaka jioni. Mtihani ni uleule.

Msomaji wa Vidole

Habari za jioni. Nimezaliwa nikiona kidogo, sasa sioni kabisa, nasoma kwa nukta nundu na kwa programu ya simu inayosoma kwa sauti.

Ombi langu ni dogo. Njia ya kiti cha magurudumu isiwe ya kuonyesha wageni. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda kunatakiwa sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za kawaida ni kama sentimita 45, kwa hiyo njia hiyo iwe na zaidi ya mita 5. Nyingi zilizojengwa ni mita mbili, mtu akipanda peke yake anarudi kinyumenyume. Kwa sisi tusioona, wekeni ukingo wa rangi kali kwenye kila ngazi, maana wengi wetu bado wana uono kidogo. Msibadilishe mpangilio wa meza kila wiki. Na tupewe chumba kimoja kidogo chenye mlango ambamo tunaweza kusikiliza bila kuvaa vifaa vya masikioni mchana kutwa.

Mhasibu wa Mkoa

Nimewasoma wote. Lakini niseme upande wa hesabu, maana mwenye mchoro naye huenda ana hoja yake. Ukarabati ni fedha za mara moja. Luku ya umeme, mlinzi, maji, intaneti na usafi ni za kila mwezi, na hakuna mfadhili anayependa kuzilipa. Ukumbi wa mikutano unakodishwa. Nimeona majengo yamekarabatiwa vizuri kabisa, mwaka wa pili kompyuta zimefunikwa vitambaa kwa sababu umeme hauna mlipaji. Mkutubi, ukienda kikaoni kuupinga ukumbi bila jibu la Luku, watakushinda kwa hoja.

Rafu ya Juu

Mhasibu, umenigonga mahali pake, nashukuru. Nilikuwa nimejiandaa kuupinga ukumbi wote. Baada ya kukusoma nimeona ukumbi si adui. Tatizo ni mahali ulipowekwa. Nyuma ya jengo kuna stoo kubwa ambayo nusu yake ni viti vilivyovunjika. Ukijengwa huko, ukawa na mlango wake wa nje, utakodishwa jioni na Jumapili bila kumhamisha mwanafunzi hata mmoja, na mapato yake yaandikwe wazi kuwa ni ya umeme na intaneti. Mwezi wa Oktoba na Novemba, wakati wa mitihani, ugeuzwe chumba cha kusomea.

Niko Helsinki

Salamu kutoka baridini. Huku kuna maktaba inaitwa Oodi, ilifunguliwa Desemba 2018. Ghorofa ya vitabu ni ya juu tu. Ya katikati ina vyumba vya kurekodi muziki, mashine za kuchapa vitu kwa plastiki, na vyerehani. Ukija Jumamosi, wenye foleni ni watu wa vyerehani, wakiwemo wahamiaji wengi. Mimi mwenyewe nilikunjia hapo suruali za wanangu.

Sisemi muige jengo, gharama zake ni dunia nyingine. Nasema cherehani. Vyerehani vinne na fundi mmoja mstaafu wa kujitolea vitawaleta maktaba watu ambao hawajawahi kupita ule mlango, na watoto wao watakuja nao.

Binti Mshairi

Mimi nauliza habari ya vitabu vyenyewe, naona vimesahaulika humu. Kila nikisikia "maktaba ya kisasa" naogopa. Shule niliyosoma ilipokarabatiwa, vitabu vya zamani vilitolewa uwanjani vikanyeshewa, vingine vikafungiwa maandazi. Mkutubi, mtachagua vipi cha kutupa?

Rafu ya Juu

Binti Mshairi, hili ndilo linaloniuma kuliko paa, nilikuwa naliogopa kulianza.

Kupunguza vitabu ni lazima, nisiwadanganye. Mwongozo wa dawa wa miaka 30 iliyopita unaweza kumdhuru mtu. Kitabu cha sheria iliyofutwa kinampotosha. Kitabu cha kompyuta cha mwaka 1995 hakimfai yeyote. Hivyo vitoke. Lakini kitu kilichochapwa kwa Kiswahili, kitu kilichoandikwa kuhusu mkoa wetu, na gazeti lolote la zamani, hakiguswi mpaka watu wawili wamekikagua na kuthibitisha kwamba kuna nakala kwingine.

Mle stoo nilimotaja kuna majalada ya Ngurumo, lile gazeti lililosomwa sana Dar es Salaam miaka ya 60. Nimelifungua jalada la Februari 1967, mwezi wa Azimio la Arusha. Karatasi ya gazeti ina tindikali, inajila yenyewe: imekuwa rangi ya chai, na kila ukifunua, ukingo unakatika unabaki kwenye kidole kama jani kavu la mgomba. Mchwa wamekula kona ya chini kuanzia ukurasa wa nyuma. Kwenye ukurasa mmoja kuna shairi la msomaji, beti sita, na ubeti wa mwisho umeliwa nusu. Sijui kama shairi lile lipo mahali pengine popote duniani. Kwenye orodha ya mkandarasi, stoo ile imeandikwa "kuondoa takataka".

Nimeanza kuyapiga picha mwenyewe, kwa simu, juu ya meza, dirishani asubuhi kabla jua halijawa kali. Siyabinyi kwenye skana, uti wa jalada utavunjika. Hata McMillan wenzetu wana hazina kubwa ya magazeti ya tangu mwanzo wa karne iliyopita, na kuyaweka kwenye kompyuta ni sehemu ya ukarabati wao, wameipa uzito sawa na kuta.

Kuna jambo lingine la rafu. Mpangilio tunaotumia ni wa namba za Dewey, wa Marekani, karne ya 19. Ndani yake fasihi ya Kiswahili iko 896.392, karibu na mwisho kabisa wa namba za fasihi. Kwenye dini, Biblia na Ukristo vimepewa namba za 220 hadi 289, na dini nyingine zote za dunia zimebanwa 290, Uislamu ukiwa 297. Kwetu hiyo 896 iko ukuta wa nyuma, karibu na mlango wa stoo, balbu imeungua. Mtoto anapoingia anakutana kwanza na ensaiklopidia za Uingereza zilizotolewa msaada. Namba sina mamlaka ya kuzibadilisha. Rafu ninaweza kuzihamisha, na hilo halihitaji fedha ya mtu. Kiswahili kitakaa mlangoni.

Fundi Nondo

Mkutubi, usihamishe jalada hata moja kabla ya kuua mchwa. Ukihamisha karatasi zenye mchwa umewahamisha na wao. Tafuta kwanza njia yao ya udongo ukutani, inaanzia nje mahali penye unyevu, mara nyingi chini ya bomba linalovuja. Ziba bomba, ndipo upige dawa msingini, si juu ya karatasi. Rafu za chini ziinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni na ziache nafasi ya kiganja ukutani, hewa ipite.

Mtu wa Bando

Nimesoma majibu yote, nimekuelewa mkuu. Nafanya kazi ya kuunganisha mitandao. Nipo mkoa wa jirani. Nikipewa nauli nakuja siku mbili kukupangia nyaya na soketi bila malipo, ili mkandarasi asiweke mbili tena.

Rafu ya Juu

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, naandika nikiwa kituo cha daladala.

Nilikwenda na daftari langu la hesabu za saa, na picha ya ndoo. Mwenyekiti aliitazama ile picha muda mrefu, akaipitisha kwa wengine. Paa limeingia, tena la kwanza kwenye orodha. Ukumbi umekubaliwa uhamie nyuma. Vyoo wamesema "vitaangaliwa", nami nimeomba neno hilo liandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe. Kona ya watoto wameipenda. Chumba cha wasioona hawajakikubali, wanasema nafasi haitoshi. Msomaji wa Vidole, naomba tuwasiliane kwa ujumbe wa faragha, nataka uje kikao kijacho uwaeleze mwenyewe, nauli nitaitafuta. Mtu wa Bando, ya kwako nimeshaiombea.

Stoo imepewa siku 60 kabla ya kuguswa. Majalada ya Ngurumo niliyoyakuta ni 11, nimemaliza kupiga picha mawili.

Fundi Nondo, Jumatatu mhandisi anapanda darini. Niandikie usiku huu mambo ya kumwomba aangalie, niyachape asubuhi kabla hajafika.